Radhi ya Gharnata

Habari za kifo cha Verona zilinikuta katikati ya foleni, kwenye barabara ya mlimani ya kwenda Al Amerat, saa ambayo kila mwenye nyumba upande wa pili wa milima anataka kufika kwake kabla ya mwenziwe. Mpwa wake aliniachia ujumbe wa sauti, kwa kile Kiingereza chao cha kupanda na kushuka ambacho zamani nilikuwa sikielewi na sasa nikikisikia nahisi njaa. Alisema shangazi yake amepumzika alfajiri, kwamba watamzika wikiendi ijayo, na kwamba nikitaka kuja chumba changu kipo vilevile. Niliegesha gari pembeni, chini ya majabali, nikalia. Lakini kabla ya machozi kilichonijia kilikuwa hofu, kana kwamba nimeambiwa kesho napanda ndege kwa mara ya kwanza. Mimi ni mwoga, na kwa umri huu sioni haya kusema. Wanaoniona hospitali na koti langu jeupe hawaamini. Mama yangu anajua, Verona alijua, na Bibi, Mungu amrehemu, alijua kuliko wote. Uoga huu una mwaka wake, na mwaka huo Verona ndiye aliyeuleta, akiwa na nazi mkononi.

Tulikuwa bado tunakaa Hamriya, hapa Muscat, juu ya duka la vitambaa, kwenye fleti ambayo jua lilikuwa likiingia upande mmoja na makelele ya mtaa upande wa pili. Sebuleni kulikuwa na kiyoyozi cha dirishani kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, na karibu yake godoro la Bibi, mama yake baba, ambapo alikaa kutwa na tasbihi yake na redio yake. Usiku alilala chumba kimoja na mimi. Nilikuwa nimemaliza skuli, alama zangu nzuri ila si nzuri za kusomea udaktari hapa, basi nikawa mtu wa nyumbani tu, napika, nafua, nasikiliza wachuuzi wakigombana chini. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzangu. Ndio utani wa bibi na mjukuu wake wa kike kwa watu wetu, eti tunamgombania babu, na babu mwenyewe alishakufa zamani. "Mke mwenzangu, chai iko wapi? Au zamu zote siku hizi zangu mimi?" Nilikua ndani ya sauti hiyo na haikunipitikia kwamba inaweza kunyamaza.

Verona alikuwa mpangaji mpya wa ghorofa ya juu, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, akisomesha Kiingereza kwenye chuo kimoja Ruwi. Asubuhi moja ya Ijumaa mama alikuwa jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi, dirisha wazi, mara mlango ukabishwa. Nikamkuta huyo mwanamke amesimama na nazi yake, hata salamu hakutoa, ananifanyia ishara ya kukuna. Alikuja kuniambia baadaye kwamba sauti ile ilipopanda hadi dirishani kwake alidhani anamsikia mama yake. Tukamwingiza. Mbuzi hakuijua, kwao wanakunia kwenye bati la matundu, na alipouona ule ulimi wa chuma aliruka nyuma akacheka. Lakini nazi aliipasua mwenyewe, kwa mgongo wa kisu, pigo moja, na maji yote akayakinga kwenye kikombe. Bibi alikuwa anamtazama kutoka godoroni kwake. "Hajui kukaa kwenye mbuzi," akasema, "lakini huyo kwao kuna minazi." Hakuna aliyemtilia maanani. Mama alisema pengine ni Mmarekani.

Tangu siku hiyo akawa anashuka kila Ijumaa. Mimi nikawa naongea naye Kiingereza, yeye anajifunza kwa mama namna ya kutia hiliki kwenye chai, na katika mazungumzo hayo ndiyo yakaja maneno ya chuo. Kwao, Grenada, kulikuwa na chuo cha udaktari kinachopokea wageni kutoka kila pembe, na mama yake angenipokea nyumbani kwake kama mwana. Baba aliyatafuna maneno hayo siku nyingi. Alikuwa akifanya kazi ghalani Rusayl, anaondoka asubuhi na kurudi amechoka, na jioni zile hakufungua hata televisheni. Hatimaye alitukalisha baada ya Magharibi, sahani ya mkate wa kumimina katikati yetu, akatoa sauti yake ya mambo mazito. "Mama, huyu mtoto amepata pa kusoma udaktari. Nnataka kumpeleka, ukiwa radhi. Panaitwa Grenada."

Bibi aliweka kikombe chini. "Wapi?"

"Grenada."

"Gharnata!" Uso wake wote ukafunguka. "Gharnata ya Andalusi? Walikokaa Waislamu, penye yale majumba ya mabustani? Masha Allah. Mwanangu, hilo la kuniuliza? Mpeleke hata kesho."

Nilimwona baba akifungua mdomo. Nikamwona na mama akimkanyaga mguu pale jamvini. Baba akaufunga mdomo, akachukua kipande cha mkate. Na hivyo ndivyo radhi yangu ilivyotolewa, kwa mji ulio Uhispania, wakati mimi nakwenda kisiwani upande wa pili wa dunia.

Itabidi nieleze kwa nini mama alimkanyaga. Bibi alikuwa haogopi umasikini, haogopi maradhi, haogopi watu. Alikuwa akiogopa kisiwa. Alitoka Unguja akiwa bado kijana, siku zile mbaya ambazo watu wazima wetu huzitaja kwa kushusha sauti hata wakiwa peke yao, na alipokanyaga bara alijiapiza kwamba hakuna wa damu yake atakayelala tena kwenye ardhi iliyozungukwa na maji. Ami yangu alipopewa kazi Masira, kisiwa chetu wenyewe hapa Oman, Bibi aligoma kula mpaka ami akaikataa. "Kisiwa kikifungwa kimefungwa," alikuwa akisema. "Bara hata ukikimbia kwa miguu unakimbia." Na kwetu sisi hakuna safari, hakuna ndoa, hakuna hata operesheni pasipo radhi ya mkubwa. Baba asingeninyanyulia begi bila ya neno la mama yake. Kwa hiyo mama akapitisha hukumu jikoni: "Mwacheni na Gharnata yake. Mzee kafurahi, mtoto atasoma, tatizo liko wapi?" Mimi nililiona tatizo siku ileile, nikalala nalo. Radhi iliyotajiwa mahali pengine itanifikaje mimi niliko? Ndege ikitikisika juu ya bahari, Mungu atasema nini, huyu mbona kibali chake cha kwingine?

Kukaa miezi na jambo hilo lilikuwa jehanamu ndogo. Bibi alimtangazia kila mtu. Wanawake waliokuja kumjulia hali walipewa kahawa na habari za Gharnata, na mimi nikawa nasimama mlangoni na birika, nangoja atokee mmoja mwenye mtoto aliyesoma jiografia. Jirani mmoja alisema, "Lakini mimi nimesikia ni huko karibu na Amerika," na mama akamkata palepale kwa kumuuliza mguu wake unaendeleaje. Siku nyingine redio ya Bibi ilitaja jina lenyewe, Grenada, wazi kabisa, katika habari za hali ya hewa za dunia. Nilikuwa napiga pasi. Bibi aligeuza kichwa kidogo, kisha akasema, "Hawa hata kutamka hawajui," akaendelea na tasbihi. Nguo niliyokuwa naipiga pasi iliungua.

Na Verona, maskini, kila alichonieleza ili kunitia moyo kilizidi kunitia kiwewe. Alinionesha kwao kwenye ramani, na ncha ya kidole changu ikakifunika kisiwa chote. Alinieleza jinsi mvua inavyokuja kutoka baharini ukiiona kabisa inatembea, na jinsi kimbunga kilivyowahi kulibeba paa la kanisa lao, nao wamejibanza chini ya ngazi wanaimba. "Mnaimba?" nikamuuliza. "Ungefanya nini kingine?" akasema. Alinionesha picha za sherehe zao, watu wamejipaka oili chafu ya magari mwili mzima, wana pembe vichwani, wanaburuza minyororo barabarani, na nilipomtazama kuona kama ananitania akanionesha mmoja wao kwa fahari, kaka yake. Ijumaa moja akasimulia juu ya mwanamke mzuri anayesimama njiani jioni, gauni refu, kofia pana, huwavuta wanaume mpaka msituni, na ukiangalia chini mguu mmoja ni kwato. Mimi nilikuwa natafsiri. Mama aliacha kukata vitunguu. "Subhanallah, hata huko yupo?" akasema. "Sisi wa kwetu miguu yote miwili." Wakacheka pamoja, mama na Verona, mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu mabaya: bahari, kimbunga, watu wa oili, jini, na juu ya yote kwenda huko bila radhi.

Kisha ikaja Ijumaa ya shelisheli. Kuna mtu alikuwa ametoka Unguja na alituletea mashelisheli mawili, yameiva vizuri, na Verona alipoyaona mezani aliyapapasa kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Akaomba apike yeye. Kwao, akasema, chakula cha taifa zima ni hicho, shelisheli kwenye tui la nazi na manjano, pamoja na samaki wa chumvi na vidonge vya unga, unaacha mpaka tui likauke libaki mafuta. Mama akamtolea papa mkavu. Jikoni pakajaa harufu ambayo ilimnyanyua Bibi kutoka godoroni; akaja mwenyewe, akavuta kiti, akakaa karibu na sinia ambapo Verona alikuwa akikanda unga wa vidonge vyake. Verona akafurahi. Akachomoa kitu mfukoni, zawadi aliyotumiwa na mama yake, akakiweka kiganjani mwa Bibi. Ilikuwa kungumanga, nzima, na basibasi, ule utando wake, bado imeikumbatia, nyekundu iliyoanza kufifia.

Bibi aliisogeza puani. Akakaa nayo hapo muda mrefu. "Muulize," akaniambia, "hii ameinunua?"

Nikamuuliza. Verona akajibu kwamba haikununuliwa, mkungumanga uko uani kwa mama yake, na nyuma ya nyumba yote ni hiyo, na karafuu kidogo, na mdalasini.

"Anasema ya nyumbani kwao," nikatafsiri. Karafuu sikuitaja.

"Muulize kwao wapi hasa. Pakoje."

Mama alikuwa ametupa mgongo, yuko kwenye jiko na sufuria lake. Nikauliza, na Verona, kwa sababu Kiingereza chake Bibi hakukijua, akaamua kumwonesha. Akausawazisha unga kwenye sinia kwa kiganja. Kwa kidole akachora duara, refu kidogo, kama yai. Akatia kitone juu, mji wa mama yake. Kisha akapitisha kiganja pembeni mwa duara, kuzunguka kote, huku anafanya kwa mdomo sauti ya mawimbi.

Nilimtazama Bibi. Hakunitazama. Alitia kidole chake katikati ya lile duara, akasema kwa Kiswahili, taratibu, akimwambia Verona na si mimi, "Mlango wake wapi?"

Sikutafsiri. Wallahi ulimi uligoma. Lakini Verona aliona ameulizwa kitu, akafikiri pengine mzee anataka kujua nitafikia wapi, akatia kitone kingine chini kabisa ya duara na kuinua mkono wake juu kama ndege inayoruka. Uwanja wa ndege. Bibi alikiangalia kile kitone. Akatikisa kichwa kukubali, akaifunga kungumanga kwenye pindo la kanga yake, akarudi godoroni. Shelisheli aliila, na aliomba aongezwe. Mama akafurahi. "Umeona?" akaninong'oneza. "Mzee hana habari."

Sikumwambia mama nilichokiona. Nilisubiri. Kila asubuhi nilikuwa nikiamka nikijua leo ndiyo leo, leo atamwita baba na kusema narudisha radhi yangu. Hakumwita. Badala yake akaacha kuniita mke mwenzangu. "Zuwena, niletee maji." "Zuwena, zima taa." Jina langu mwenyewe likawa linanitisha. Gharnata akaacha kuitaja kwa wageni, na wakimuuliza husema tu Mungu ndiye ajuaye. Akaanza kukagua kitasa cha mlango, anakwenda, anarudi, anakwenda tena. Mchana mmoja, tumelala baada ya Adhuhuri, nilifumbua macho nikaona amelala na baibui lake mwilini, kitambaa cha kichwa kimefungwa, na ndala zake ziko sakafuni zimeelekezwa mlangoni, tayari kuvaliwa. Midomo yake ilikuwa inacheza. "Usifungue," alikuwa akisema usingizini. "Usifungue, mama." Nilijifunika shuka hadi kichwani, mimi mtu mzima niliyekuwa nakwenda kusomea kuponya watu. Nilielewa kwamba mimi ndiye niliyemrudisha huko aliko, na sikujua namna ya kumtoa.

Siku ya kuondoka nyumba ilijaa. Wanawake wote wa Gharnata walikuwepo, udi umefukizwa, halwa na kahawa zinapita, baba kashikilia begi langu mlangoni. Verona alisimama kwenye ngazi analia na kucheka. Nilikwenda kupiga magoti mbele ya Bibi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akininyima, sitakwenda. Nitabaki na kufua mpaka nizeeke. Akaniwekea mkono kichwani, akasoma, akanipulizia. Kisha akasema kwa sauti kubwa, sauti ya kumfikia mtu aliye upande wa pili wa barabara: "Haya, nenda Gharnata, mwanangu. Nna radhi nawe. Na kesho ukirudi, pitia dukani, niletee boflo mbili."

Wageni wakatazamana. Boflo ni mikate ile ambayo hapa madukani wanaiita samuni. Bibi hakuwahi kuiita jina jingine. "Bibi," nikamwambia, nikijaribu kutabasamu, "mimi sirudi kesho. Nakwenda mbali." Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amekosea jibu rahisi. Akageuza uso. Mama akanikumbatia akaninong'oneza kwamba nisijali, akili za mzee zimeanza kumtoka. Baba alifuta macho kwa kilemba chake.

Nilisafiri na hofu mbili, na ile ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Radhi imetajwa Gharnata, na aliyeitaja ameshajua kwamba siendi Gharnata. Maana yake nini kama si kuninyima? Nilijiona mtu aliyepanda basi kwa tiketi ya mwingine. Ndege ya mwisho ilikuwa ndogo, ya pangaboi, ikipita ndani ya mawingu meusi, na mwanamke aliyekaa pembeni yangu alikula karanga njia nzima huku mimi nikisoma Ayatul Kursi. Kisha mawingu yakafunguka nikakiona. Kijani. Mtu wa Muscat hajui kijani, sisi milima yetu ni mawe matupu. Hiki kilikuwa kijani kilichoshuka kutoka vileleni mpaka kikaingia baharini, na bahari imekizunguka kote, kama kwenye sinia. Ofisa wa uwanjani aliangalia pasipoti yangu, akaigeuza, akaniuliza Oman ni wapi. Nilipomwambia, akasema, "Umetoka mbali kuja kuogopa, binti," maana nilikuwa natetemeka. Mama yake Verona alikuwa ananingoja nje na mwavuli. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti ndogo. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, mlimani, na njia ya kuifikia ilitandikwa maganda ya kungumanga, makavu, yanayolia chini ya viatu, na kila hatua harufu ya pilau ya Idi inapanda. Nilisimama katikati ya njia nikashindwa kuendelea. Jua lilikuwa linazama, vyura wadogo wa mitini wakaanza kupiga miluzi pande zote, na mimi sikujua kama ni vyura. Mama yule alinishika mkono mpaka ndani.

Siku ya pili aliniazima simu niwapigie nyumbani. Aliyepokea alikuwa Bibi, ambaye simu alikuwa haigusi.

"Umefika, mke mwenzangu?"

Mke mwenzangu. Nililia hapohapo, kwenye kochi la watu. "Bibi, mimi siko Gharnata."

"Nnajua uliko. Kungumanga zimeshapasuka huko? Basibasi wanaianika juani au juu ya moto?"

"Bibi, kama ulijua, kwa nini ukasema nenda Gharnata?"

Nikasikia kiyoyozi chetu kikidondosha maji. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza hata mwanawe. Alivyotoka Unguja alitoka mchana, na kikapu mkononi, kwa sababu kutoka kulikuwa kumekatazwa na askari alikuwa amewekwa kwenye baraza ya nyumba ya pili anahesabu watu wa mlango wao. Mashua ilikuwa inamngoja mbali. Mama yake hakuweza kumkumbatia wala kumsomea. Alisimama dirishani juu, akasema kwa sauti ya kumfikia yule askari: haya, nenda Makunduchi kwa shangazi yako, nna radhi nawe, na kesho ukirudi niletee boflo mbili. "Na mimi nkamjibu, ntaleta," alisema Bibi. "Nkenda zangu. Sikumwona tena. Boflo zake sikumpelekea." Akapumua. "Radhi ile alinitajia Makunduchi, na ilinifika mpaka hapa Maskati, ikanizalia babaako. Radhi haisomi ramani, mke mwenzangu. Nlikupa namna nlivyopewa mimi. Sina nyengine."

Nikamuuliza kama haogopi tena, mimi niko kisiwani.

"Naogopa sana," akasema. "Lakini kisiwa hicho kina mlango. Yule mwenzio alinionesha kwa kidole, uko chini kule. Wewe usiusahau tu." Kisha akawa mkali. "Na ulinijibu vibaya mbele za watu. Mtu akiambiwa alete boflo husema ataleta."

Hofu haikuondoka. Ilibaki nami mwaka ule wote na ipo mpaka leo, lakini tangu simu ile nilikuwa naogopa nikiwa na radhi, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nililala, nikasoma, nikawazoea vyura, nikawaona watu wa oili wakipita na mmoja akanichafua shavu nikacheka. Likizo ya kwanza niliporudi nilimwambia baba asimame dukani kabla hatujafika nyumbani, nikanunua boflo mbili. Bibi alizipokea kwa mikono yote miwili. Moja aliila palepale, kavu, bila chai, hata hakukaa vizuri. Nyingine aliiweka mbele yake na kuitazama mpaka Isha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni ya nani.

Sasa nakwenda kumzika Verona. Jana usiku mama, aliyebaki peke yake katika watu wakubwa wa nyumba ile, hakusema neno juu ya safari. Yeye huwa hasemi akiogopa. Anapanga upya kabati la vyombo. Nilishamsimulia habari ya simu ile miaka mingi nyuma, baada ya Bibi kufa, na alichoniambia wakati ule ni kwamba alimsingizia wazimu mzee wa watu. Asubuhi hii nimetoa begi mpaka uani. Al Amerat ilikuwa imetulia, watu wameshakwenda makazini, hakuna mtu barabarani wala kwenye baraza ya mtu. Mama alijikokota na fimbo yake mpaka mlangoni, akajishika kwenye fremu. Akanyanyua sauti yote aliyobakiwa nayo.

"Haya, nenda Rusayl, mwanangu. Nna radhi nawe. Na kesho ukirudi, niletee boflo mbili."

"Za ufuta, mama?" nikamuuliza.

"Zozote," akasema. "Wewe sema utaleta."

Nikasema nitaleta.